Nataka kumpandisha mama meli ya kitalii, Bahari ya Mediterania. Nianzie wapi?

NesiWaVoi

Hamjambo wenzangu. Naomba ushauri kwa yeyote aliyewahi kupanda hizi meli kubwa za kitalii kwa miguu yake, si kwa kutazama video.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Voi. Septemba mwakani anatimiza miaka 70. Mimi ni muuguzi hapa Leicester, mwaka wa nne sasa, na kila nikimuuliza nimletee nini hujibu, "Niletee wewe mwenyewe." Juzi nikambana kwenye simu: mama, ya miaka 70 lazima useme. Akanyamaza, kisha akataja mawili. Anataka kuliona Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma, lile lililo kwenye kalenda ya parokia ukutani. Na anataka kulala baharini, japo usiku mmoja, "nijue kunakuwaje." Huyu ni mtu ambaye chombo alichowahi kupanda ni feri ya Likoni tu, tena alishika chuma kwa mikono miwili mpaka ng'ambo.

Nimeona tangazo: kuondoka Southampton, usiku 14, Mediterania, Civitavecchia imo (naambiwa ndiyo bandari ya Roma), pauni 899 kwa mtu. Nikapiga simu. Dada wa upande wa pili akaniambia bei hiyo inakwisha kesho saa sita usiku, nitoe namba ya kadi. Sijatoa, lakini moyo unadunda.

Hali yetu ni hivi. Sote wawili tuna pasipoti ya Kenya. Mama ana goti bovu. Anatembea, ila ngazi nyingi zinamtesa. Ana kisukari, anajidunga insulini. Likizo yangu ni siku kumi, wala siongezewi hata moja. Pesa niliyoweka ni pauni 4,000, ndani yake nauli ya ndege ya mama.

Je, nilipie sasa viza zije baadaye, au viza kwanza? Chumba cha aina gani? Na mama anaogopa kutapika mbele za watu. Nisaidieni.

MgemaWaRabai

Pauni 4,000 ukazimwage baharini! Si umchimbie mama kisima pale Voi, mji mzima unajua shida ya maji. Bahari mpeleke Diani, ni chumvi ile ile.

Stiwadi_Kisauni

Mgema, kisima kitachimbwa. Mama kaulizwa, kasema anachotaka, apewe.

Dada Nesi, mimi nimefanya ustiwadi wa vyumba miaka tisa kwenye meli hizi, kampuni mbili tofauti. Nimetandika vitanda kutoka Barcelona hadi Piraeus mpaka nikawa naota mashuka. Sasa nimerudi nyumbani nina duka Kisauni. Nitakwambia ninavyojua, na kwa kuwa sikuuzii kitu, sina haja ya kukukimbiza.

Kwanza huyo dada wa "kesho saa sita usiku" mwache alale. Bei za meli hupanda na kushuka kama bei ya nyanya. Leo chumba hiki, wiki ijayo kingine, na kati ya Januari na Machi kampuni karibu zote hutangaza ofa kwa sababu Wazungu wako kwenye baridi wanaota jua. Hutakosa.

Pili, Southampton si yako. Hesabu mwenyewe: usiku 14, nawe una siku kumi. Halafu tazama karatasi. Mama akianzia Southampton atahitaji viza ya Uingereza ili afike kwenye meli, na viza ya Schengen (ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya) ili ashuke Uhispania na Italia. Foleni mbili, ada mbili, nafasi mbili za kunyimwa. Na njia yenyewe hupitia Ghuba ya Biscay, mahali ambapo nimewahi kuona sahani zinatembea zenyewe mezani. Mama mwenye hofu ya kutapika usimwanzishie huko.

Mkutane Barcelona. Yeye atoke Nairobi, wewe utoke huko uliko. Kuna meli nyingi zinazozunguka wiki nzima, Barcelona hadi Barcelona, zikipita Marseille, Genoa, Civitavecchia, nyingine Naples au Palermo. Usiku saba. Hapo mama anahitaji viza moja tu. Ukiweka usiku mbili za hoteli Barcelona kabla ya kupanda, siku kumi zako zinatosha.

Hizo usiku mbili si anasa. Kamwe, nasema kamwe, usimpandishe mtu ndege inayofika siku ile ile meli inaondoka. Ndege ikichelewa, meli haimngoji mtu. Tena zina sababu ya pili: ombi la Schengen hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Mkilala Barcelona mbili na meli inaanza na kuishia hapo, hesabu inaegemea Uhispania waziwazi, na karani hana pa kukuzungusha.

Sasa swali lako kubwa, viza kwanza au malipo kwanza. Jibu ni katikati, na hapa ndipo watu wengi wanapopotezea pesa. Kampuni za meli huchukua arbuni kwanza, salio baadaye, aghalabu siku 60 hadi 90 kabla ya safari. Na maombi ya Schengen hufunguliwa miezi sita kabla ya safari. Baina ya hizo mbili kuna mwanya, na kazi yako ni kulifanya jibu la viza liangukie humo. Kwa safari ya katikati ya Septemba: lipa arbuni Februari, ile inayorudishwa au ndogo ambayo ikipotea hutalia. Katikati ya Machi dirisha la maombi likifunguka, mama awe tayari ameshika miadi Nairobi. Kwa kawaida jibu hutoka ndani ya siku 15, ingawa wanaruhusiwa kufika 45. Hata wakichukua zote 45, Mei mna jibu. Salio linadaiwa Juni au Julai. Akinyimwa, umepoteza arbuni, hukupoteza safari nzima. Waulize kabla ya kulipa, na wakujibu kwa maandishi: viza ikikataliwa, nini kinarudi? Wengi watasema hakuna. Bima nyingi pia hazilipi kwa kunyimwa viza. Ndiyo maana nasema mwanya.

Ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima, na kituo cha maombi huongeza chao. Faili la mama liwe na stakabadhi za pensheni, taarifa ya benki ya miezi sita, barua yako ya kumgharamia pamoja na karatasi zako za kazi, bima ya kuanzia euro 30,000, na uthibitisho wa meli unaoonyesha kila bandari na tarehe yake. Hati ya shamba au nyumba ya Voi aibebe. Anayesoma faili anataka kuona kitu cha kumrudisha nyumbani. Wewe pia unaomba viza, usijisahau. Ukaazi wa Uingereza haukupeleki Uhispania na pasipoti ya Kenya.

Chumba. Ushauri wangu wa kawaida ni chukua cha ndani kisicho na dirisha, utakilalia tu. Kwa mama yako nabadilisha. Mtu aliyesema anataka kujua kulala baharini kunakuwaje, ukimfungia kwenye boksi lisilo na dirisha atajua kulala kwenye kabati. Chukua chenye roshani. Asubuhi goti likikataa, atakaa hapo na chai yake aione nchi inavyokuja polepole. Ila kichague mahali: katikati ya meli, si omo wala tezi, maana ncha ndizo zinazopanda na kushuka, na juu yake na chini yake pawe na vyumba vingine. Fungua ramani ya sitaha uangalie kwa macho. Nimepokea malalamiko kila wiki ya watu waliolala chini ya bafe, saa kumi na moja alfajiri wenzangu wanaburuta viti.

Kulevywa na bahari: Septemba Mediterania huwa tulivu mara nyingi, ila kati ya Barcelona na Marseille kuna Ghuba ya Simba, na ukivuma upepo wao wa mistral, ni kusi lililotoka kwenye friji. Kuvuka hapo huchukua usiku mmoja. Akijisikia vibaya akae katikati ya meli, sitaha za chini, atazame upeo wa bahari, wala asilale njaa. Sisi tulikuwa tunawapelekea wageni tufaha la kijani na biskuti kavu. Tangawizi pia. Vidonge, wewe ndiwe muuguzi, angalia visigombane na dawa zake.

Nina mengine ila mteja amesimama.

MamaWawili_Reading

Dada pole na hongera kwa wazo zuri. Mimi Mtanzania, nipo Reading. Nakuongezea kitu kimoja kilichonitoa machozi ili wewe usilie.

Mwaka jana nilimpeleka dada yangu aliyekuja kutoka Tanga. Viza yake ya Schengen ilitoka, tukashangilia, tukapiga picha. Hatukusoma. Pale palipoandikwa idadi ya kuingia palikuwa na 1. Na meli yetu siku ya nne ilikuwa inatia nanga La Goulette, bandari ya Tunis. Tunisia si Schengen. Maana yake ukiondoka Italia kwenda Tunis umetoka, na ukirudi Ulaya unaingia mara ya pili. Kaunta ya bandarini kijana akageuza pasipoti, akaiangalia tena, akamwita mkubwa wake. Dakika ishirini tumesimama, watoto wangu wanakula biskuti sakafuni. Dada yangu hakupanda. Nilimkatia hoteli, mimi nikapanda na watoto kwa sababu wakala alishasema hakuna hata senti inayorudi. Wiki nzima nakula mayai yaliyokaangwa na mpishi aliyevaa kofia ndefu, nayo hayapiti kooni.

Wakala aliyetuuzia alijua tuna pasipoti gani. Hakusema neno, na mkataba ulikuwa umeandikwa kwa herufi za mchwa kwamba hati za kusafiria ni jukumu la abiria. Ndivyo ilivyo kwa wote, kwa hiyo usimtegemee mtu.

Fungua orodha ya bandari, moja moja, ujiulize: hii ni Schengen? Uturuki hapana. Tunisia hapana. Montenegro hapana. Kroatia ndiyo, tangu 2023. Kwenye fomu ombeni viza ya kuingia mara nyingi hata kama safari yenu haitoki nje, maana meli inaweza kubadilisha bandari kwa ajili ya hali ya hewa.

Kingine, lipa kwa kadi ya mkopo ya hapa Uingereza, si kadi ya benki ya kawaida. Ununuzi wa zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000, sheria inaibebesha benki ya kadi jukumu pamoja na muuzaji akishindwa kukupa ulichonunua. Mimi nililipa kwa uhamisho wa benki ili nipate punguzo la pauni 40. Arobaini!

NesiWaVoi

Mungu awabariki. Nimesoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa zamu ya usiku wagonjwa wamelala.

Nimempigia yule dada wa ofa nikamwambia asante. Nimepata nyingine: usiku saba, Barcelona hadi Barcelona, Marseille, Genoa, Civitavecchia, Palermo, na siku mbili baharini. Zote Schengen, Mama Wawili, nimekagua kama ulivyosema. Roshani ni pauni 980 kwa mtu. Lakini kuna kitu kinaitwa chumba cha "dhamana", pauni 840, wanasema roshani utapata ila namba ya chumba watachagua wao. Nichukue?

Pia wananisukuma kifurushi cha vinywaji na cha intaneti. Na Civitavecchia inaangukia Jumatano, kuna wiki nyingine inaangukia Jumapili. Kuna tofauti?

Na mama ameshaanza kufunga mizigo kichwani. Anauliza kama ataruhusiwa kubeba majani ya chai, unga kidogo na pasi ya kunyooshea nguo, "nisionekane nimekunjamana mbele ya Baba Mtakatifu."

Stiwadi_Kisauni

Mama huyu nampenda tayari.

Chumba cha dhamana usichukue. Ni kizuri kwa kijana anayejitupa popote. Watakachokupa ni kile kilichobaki, na kinachobaki ni cha ncha za meli, au mwisho wa ukumbi mita mia kutoka lifti. Goti la mama litalipa hizo pauni 140. Chukua cha kuchagua, karibu na lifti ila si mlango wa pili kutoka lifti, watu hupiga soga hapo usiku.

Pesa hiyo itoe kwenye vinywaji. Kifurushi lazima mara nyingi kila mtu mzima wa chumba kimoja anunue, na mama wa kisukari hatakunywa kokteli nane kwa siku. Maji, chai na kahawa za bafe kwa meli nyingi ni bure wakati wa chakula. Ulizia ya kwako, maana baadhi ya kampuni za Ulaya huuza maji ya mezani. Intaneti: mkishuka bandarini simu yako itashika. Mkiwa baharini weka simu kwenye hali ya ndege, zote mbili, kabla meli haijaondoka. Meli zina mtandao wao wa setilaiti, na simu ikijishikiza yenyewe bili inaweza kuzidi bei ya chumba. Laini ya mama ya Kenya hasa, izime kabisa.

Weka kando pesa ya bakshishi. Kampuni za Ulaya hukata kila siku kwa kila mtu, euro kumi na kitu. Za Kimarekani ni dola 15 hadi 20. Ukichukulia euro 12, watu wawili, usiku saba, ni 168. Tangazo halikwambii, utaliona kwenye bili ya mwisho. Utasikia watu wanakushauri uende mapokezi ukaifute. Mimi niliyekuwa nategemea hiyo sina la kusema bila upendeleo.

Jumatano au Jumapili: tofauti kubwa, na nafurahi umeuliza. Jumatano asubuhi Papa huwa na hadhara, uwanja unajaa, na mara nyingi kanisa lenyewe halifunguliwi kwa wageni mpaka hadhara iishe. Ni viti, ni tiketi (hazilipiwi, ila lazima ziombwe mapema), ni kupanga foleni alfajiri, na meli hata haijafungua ngazi. Jumapili saa sita mchana Papa akiwa Roma hutokea dirishani, anasali Malaika wa Bwana na watu, anabariki. Haihitaji tiketi. Mnafika saa nne, mnapanga foleni ya ukaguzi wa kuingia kanisani, mnatoka mnasimama uwanjani. Ila Jumapili makumbusho ya Vatikani hufungwa, isipokuwa ya mwisho ya mwezi. Mama hakutaja makumbusho. Chukueni Jumapili. Mabega na magoti yafunikwe. Kanga mbili zinatosha, moja ya kujifunika, moja ya kukalia.

Sasa Civitavecchia na Roma ni kama kilomita 70. Treni ipo, nzuri na rahisi, kama saa moja, na kuna kituo kinaitwa Roma San Pietro karibu na Vatikani. Wewe peke yako ningekwambia panda treni. Pamoja na mama, lipa basi la meli, lile linalowashusha Roma na kuwachukua saa fulani, bila muongozaji. Ni ghali kuliko treni mara kadhaa. Lakini basi la meli likikwama kwenye msongamano, meli inangoja. Treni ikichelewa, meli inaondoka.

Nikueleze inavyokuwa upande wetu. Jioni moja hapo hapo Civitavecchia, saa ya mwisho ya kupanda imepita, kompyuta ya ngazini inaonyesha wawili hawajarudi, nao ni wa vyumba vyangu. Wakawaita majina kwenye spika mara tatu. Kisha afisa wa usalama akaja sitahani kwangu, akaniambia, fungua. Nikafungua. Kitanda nilikuwa nimekitandika asubuhi, juu yake taulo nililolikunja umbo la tembo, na huyo tembo kavalishwa miwani ya bibi. Afisa akafungua sefu kwa ufunguo wao, akatoa pasipoti mbili, akaangalia droo kama kuna dawa, akapata kichupa, vyote akatia kwenye bahasha. Bahasha ikateremshwa ikapewa wakala wa bandari. Ngazi ikavutwa. Tulikuwa tumeshaachia kamba nilipowaona kwa dirisha la ukumbi, wanakimbia gatini, mwanamke kashika viatu mkononi. Mzee akasimama akainama, mikono magotini. Tembo nilimwacha na miwani yake mpaka walipotupata Palermo kesho yake, kwa nauli yao wenyewe.

Kwa hiyo bandari nyingine zote tembeeni wenyewe. Genoa mnashuka mjini kabisa. Palermo vilevile, mama ataona soko. Marseille gati iko mbali na mji, ulizia basi, wala msijidai kutembea. Roma ndiyo ya kulipia.

Tena angalia kwenye ratiba kama bandari yoyote ina alama ya boti ndogo, yaani meli inatia nanga nje na watu wanashushwa kwa mashua. Kwa orodha yako nadhani hakuna, lakini hakikisha. Ile hatua ya kutoka ngazini kuingia mashuani, maji yakiinuka na kushuka, si ya goti bovu. Kiti cha magurudumu meli itampa cha kupandia na kushukia tu. Uwanja wa ndege waombe saa 48 kabla, ni bure, Nairobi na anakobadilishia ndege. Asipitie London hata nauli ikiwa rahisi. Atahitaji karatasi za Uingereza kwa kupita tu.

Mizigo: pasi HAPANA. Meli inaogopa moto kuliko mawimbi. Watu wa usalama wana chumba kizima cha pasi walizonyang'anya, pamoja na nyaya za kuunganishia umeme na birika. Kuna dobi wa meli, mpeleke gauni moja la Jumapili. Majani ya chai ya pakiti iliyofungwa sawa. Unga ataupika wapi? Nyama na maziwa asibebe kabisa, hata kavu, Ulaya hawaruhusu kutoka nje. Insulini, pasipoti, miwani na nguo ya kubadilisha ziwe begi la mkononi, kwa sababu begi kubwa mnalikabidhi gatini na linaweza kufika mlangoni saa mbili usiku. Ukifika chumbani mwambie stiwadi friji ni ya dawa. Ataondoa soda.

Bima: ile ya euro 30,000 ni ya kumridhisha karani wa viza. Daktari wa meli ni wa kulipwa, na helikopta ni jambo lingine. Nunua inayotaja safari za meli kwa jina, na kisukari ukitangaze. Na kwa kuwa mama anafika 70 mwezi huo huo, uliza wanahesabu umri wa siku ya kununua au siku ya kusafiri.

Siku ya kupanda kutakuwa na zoezi la usalama kabla ya kuondoka. Tangu meli ya Costa Concordia ilipolala ubavu pale kisiwa cha Giglio, Italia, Januari 2012, watu 32 wakafa, hakuna anayelitania. Honi fupi saba na ndefu moja. Mwambie mama mapema, asije akadhani ndiyo yenyewe.

MgemaWaRabai

Stiwadi, umenifanya nitafute bei. Ya mtu mmoja ni ngapi?

Stiwadi_Kisauni

Utalipa karibu ya wawili, bei zote zinahesabu watu wawili chumbani. Oa kwanza.

NesiWaVoi

Nimelipa arbuni ya ile ya Jumapili, kwa kadi ya mkopo. Pauni 150, inarudishwa hadi mwisho wa Mei. Nimekwenda nje ya wodi nikampigia mama. Nilimweleza yote, roshani, tufaha la kijani, Malaika wa Bwana saa sita. Alisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza swali moja tu: huyo kijana anayetengeneza tembo kwa taulo, tukimwomba atatufundisha?

Stiwadi_Kisauni

Tembo ni taulo mbili, ya kuogea na ya mkono. Mwambie aanze kujizoeza na kubwa: aiviringishe kutoka ncha zote mbili zikutane katikati, avunje nusu, isimame kwa miguu minne. Mkonga nitamwachia stiwadi wake.